Aliyeitika Katika Shimo la Barafu

"Labeka."

Neno moja tu, kwa sauti ya mtoto wa kike, nyororo, yenye adabu, lilitoka upande wa kabati. Jokha, aliyekuwa ameinama kumfunika bintiye blanketi, aliganda. Alikuwa amenong'ona tu, "Lala salama, mwanangu," na mwanawe alikuwa amelala fofofo mbele yake, midomo imefumbwa. Tena Mashaka, mtoto wa miaka minane aliyezaliwa hapa hapa Lewisham, ughaibuni, hakuwahi hata siku moja kumwitikia mama yake labeka. Akiitwa, hujibu "Yes, Mum?" basi.

Halafu ikaja harufu: majani yaliyooza na ubaridi wa mawe. Jokha aliitambua. Aliinusa mchana ule ule.

Mchana walikuwa wamekwenda matembezini kwa basi la kukodi, yeye, Mashaka na wenzake wanaofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mpaka kwenye jumba la kale la mabwana nje ya jiji, lenye bustani zisizo na mwisho. Zipporah, muuguzi Mkenya, ndiye aliyemwonyesha shimo la barafu: kibanda cha matofali kilichozikwa nusu kilimani, ambamo zamani watumishi walihifadhi barafu ya ziwani mpaka kiangazi.

"Ebu ona friji ya mabwana, Jokha! Yangu hata maji haigandishi."

Wakacheka. Walipoacha kucheka, Mashaka hakuwapo.

Jokha alizunguka vitalu vya waridi, akazunguka vichaka vilivyokatwa mfano wa ndege. Hakumwita jina. Kwao Wete, bibi yake alimfunza kwamba mtoto haitwi jina penye magofu, maana wakaao humo hulishika. Na hilo jina Mashaka lenyewe lilikuwa la kumfichia tu. Jokha alikwisha kuzika watoto wawili wenye majina mazuri. Huyu wa tatu alipozaliwa, alimpa jina zuri kimoyomoyo, akalifungia kifuani, kisha akamwandikisha jina lisilotamanika. Hilo la kweli, hata mtoto mwenyewe hakupata kulisikia.

Basi alisimama mbele ya mlango wa shimo akaita, "Mwanangu! Mwanangu we!"

"Labeka," giza likaitika.

"Njoo basi, twende nyumbani," alisema Jokha, pumzi zikimshuka kwa furaha.

Na mkono wa Mashaka ukamgusa kwa nyuma, unanata aiskrimu.

Tangu usiku ule, kila Jokha alipoteleza ulimi akasema mwanangu, kiliitika kitu kingine. Kwanza kabatini. Kisha ukumbini. Kisha chini ya meza wakiwa wanakula. Na kila kilipoitika, Mashaka alipungua. Mwalimu alipiga simu kuuliza kama masikio ya mtoto ni mazima, kwa kuwa siku hizi haitiki akiitwa. Siku ya tano alikaa dirishani, midomo ya buluu, mikono baridi kama vijiko, na mama yake alipomwita, Mashaka alifungua kinywa aseme lile "Yes, Mum?" lake, akakifungua na kukifumba, akakifungua tena, na hakikutoka chochote, ila nyuma ya pazia, taratibu, kwa sauti ile ile ya mwanawe, ikatoka labeka, labeka, labeka, mpaka Jokha akajiziba masikio na kulia.

Alimwita Shehe Harith wa Stratford, dereva mstaafu wa mabasi, mtu wa Lamu, aliyezoea kusomea wagonjwa. Alifika baada ya alasiri, akasita mlangoni.

"Mnakaa wangapi humu, bibiye?"

"Wawili, shehe."

"Mbona nasikia pumzi za watatu?"

Jokha alimsimulia ya shimoni, naye akasoma, akapuliza, akasoma tena mpaka koo likamkauka. Mwishowe aliketi kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Siwezi kumtoa, Jokha. Hakuvunja mlango huyu. Ulimwita mwanangu, akaitika. Ukamwambia twende nyumbani, akaja."

"Sasa nifanyeje?"

"Mrudishe mtoto pale pale, mchana. Mwite binti yako jina lake la kweli, si hili la kumfichia, mara moja tu. Atakayeitika kwanza ndiye mwanao. Mwingine atabaki shimoni." Akashusha sauti. "Lakini usilitamke humu. Anasikia."

Jokha alitaka kumwambia jambo moja kuhusu jina hilo. Nyuma ya pazia kitu kikazuia pumzi, kusikiliza. Akanyamaza.

Kesho yake kulikuwa na jua. Watu walipiga picha kati ya waridi. Jokha alimbeba Mashaka mgongoni, mwepesi kama kapu tupu, akamsimamisha mbele ya mlango wa shimo na kumshika mabega. Mara tatu aliinama amnong'oneze sikioni. Mara tatu alikuta pumzi ya baridi imetangulia kwenye sikio lile, inangoja. Akajipa moyo kwamba damu itajua, kwamba mtoto hawezi kulikosa jina alilopewa kwa mapenzi kiasi kile, hata kama kwa miaka minane lilikaa kimya kifuani mwa mama yake, hata kama halikuwahi kuguswa na ulimi wa mtu yeyote, na hakukuwa na njia nyingine, na vidole vya mtoto vilikuwa vinazidi kupoa, akafumba macho.

"Raudha!"

Mashaka aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu juzi, sauti ikamtoka.

"Who's that, Mum?" aliuliza, akigeuka huku na huku kumtafuta huyo aliyeitwa.

"Labeka, Mama," shimo likaitika.