Maji ya Kiganjani

Kuna mkono mmoja kwenye picha ile ya video ambao sijaweza kuutambua mpaka leo. Ni mkono wa mtu mzima, una kovu la moto karibu na kifundo, na unamimina maji taratibu kama wa mtu aliyezoea misiba. Kila aliyeonyeshwa alisema anaufahamu. Hakuna aliyeweza kusema ni wa nani.

Picha hiyo aliirekodi Waen, msichana kutoka Nan, kule milimani kaskazini, katika wiki yake ya kwanza Bangkok. Alikuja kusomea filamu, akapokewa na Jiap, dada wa mtaa wa kwao aliyekuwa akifanya kazi saluni huko Bang Phlat. Walikaa chumba kimoja. Jiap alikuwa mtu wa maneno mengi, asiyeweza kumaliza bakuli la tambi bila kumcheka mtu.

Chuo kiliwapa wanafunzi wapya kazi ya kwanza: filamu fupi isiyo na maneno, yote ndani ya chumba kimoja. Waen akaamua kuonyesha binti anayemwagia dada yake maji ya mwisho, kama tunavyowafanyia wafu wetu, maiti akiwa amefunikwa shuka na kiganja cha kulia kimetolewa nje.

"Juzi tu umefika, leo ushaniua," Jiap alisema akijilaza mkekani. "Maiti anaruhusiwa kujikuna?"

"Haruhusiwi, dada."

"Basi nife haraka. Pua inaniwasha."

Siku ya kwanza darasani, Mwalimu Rungnapha, aliyetengeneza tamthilia za televisheni kwa miaka mingi kabla ya kufundisha, alikuwa amewaambia jambo moja. Anayeigiza maiti hainuki hivi hivi. Kamera ikiwa bado inarekodi, afumbue macho, aitazame lenzi, acheke, aseme, "Mimi siye niliyekufa." Wanafanya hivyo hata wale wanaodai hawaamini.

Waen aliiweka kamera kwenye stendi, akapiga magoti, akamimina maji yenye maua ya asumini kwenye kiganja cha Jiap. Yalitiririka vizuri mno, mwanga wa dirishani ukiyapitia, hata akaogopa Jiap asije akaharibu kwa vicheko vyake. Akaruka, akazima. Hapo ndipo Jiap alipoinuka akicheka na kusema maneno yale ya Mwalimu.

"Nilishazima, dada."

"Si umeniona nikicheka?"

"Nimekuona."

"Basi yameisha. Twende tukale."

Asubuhi yake kiganja cha Jiap kilikuwa kimelowa. Akakifuta kwenye sketi, akasema ni joto. Mchana kikalowa tena. Waen alipokinusa alisikia harufu ya asumini, si mbichi, bali iliyokaa kwenye maji mpaka yakaota utelezi.

Kisha Jiap akaacha kuongea wakati wa kula. Kisha akaacha kula. Saluni wakampigia Waen simu: mwenzako amesimama nyuma ya mteja na mkasi mkononi, tunamwita haitiki, mikono ya baridi kama samaki wa barafuni, njoo umchukue. Waen akamrudisha chumbani. Jiap akalala chali pale pale pa siku ile, akanyoosha mkono wa kulia nje ya mkeka. Mvua haikuwa inanyesha. Hata hivyo Waen alisikia tone likianguka, likatulia, likaanguka jingine.

Alifungua kompyuta ili apate kitu kingine cha kutazama. Akaicheza picha yake. Mkono wake mwenyewe ulimimina maji, ukaondoka. Ukaingia mkono mwingine.

Ulikuwa wa mwanamke mzee, una pete ya jade, lile jiwe la kijani. Ukamimina, ukaondoka. Waen akairudisha mwanzo, akijiambia kuwa macho yamechoka na jiji limemzidi, akaicheza tena, na safari hii baada ya bibi yule ukaja mkono wa mwanamume, ndipo ukaja ule wenye kovu, na nyuma yake, ukutani, vivuli vya watu waliopanga foleni kwa adabu, vichwa vimeinamishwa, wakingoja zamu kama wageni wanavyongoja msibani, huku pale mkekani, hatua chache kutoka alipokaa, matone yakianguka kwa kufuatana na kila mkono.

"Dada," alinong'ona. "Dada Jiap, unanisikia?"

Jiap hakugeuza kichwa. "Wanasema nimependeza," akasema.

Mwalimu Rungnapha alipoitazama picha hiyo ofisini kwake, alifunika kompyuta kabla haijaisha.

"Ulizima kabla hajacheka."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba niifute."

"Ukiifuta utamfungia humo." Hakumgombeza. Alivaa viatu. "Wale ni wageni, mwanangu. Wameona maiti, wamekuja kuaga. Nani amewaambia kuwa hakuna msiba?"

Walifika chumbani jua likiwa bado kali. Mwalimu akamwinua Jiap, akamketisha mbele ya kamera, akamwomba acheke. Jiap alijaribu. Mdomo ulifunguka, mashavu yakavutika, lakini sauti haikutoka. Kilichotoka ni uzi mwembamba wa maji uliotelemka kidevuni. Waen akaanza kulia.

"Nyamaza. Huyu hawezi tena," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Basi atalala aliyezima. Utalala mahali pake, shuka lile lile, wakuoshe wewe. Mimi nitamimina kwanza. Nikisema inuka, utainuka, utaicheka kamera, nao wataona hakuna aliyekufa, wataondoka. Izimwe baada ya hapo tu."

"Na nani atashika kamera?"

"Mwenzako. Ndiye aliyekosewa. Utaweza, Jiap?"

"Nitaweza," Jiap akasema.

Waen akalala, akafunikwa. Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Maji ya Mwalimu yalikuwa ya vuguvugu, yakapita. Halafu yakaja mengine, ya baridi, yakifuatwa na mengine ya baridi zaidi, na Waen akasikia nyayo peku zikisogea kando ya kichwa chake, na pumzi yenye harufu ya maua yaliyooza ikimwinamia usoni, na mtu asiyemjua akimwambia sikioni kwa upole asiwe na wasiwasi na wanaobaki, na kwa kitambo akahisi amani kubwa mno, akataka waendelee, akasahau kwamba kuna jambo alilopaswa kufanya.

"Inuka!" Mwalimu alipaza sauti. "Waen! Inuka sasa!"

Aliketi kwa nguvu zake zote, akaikodolea lenzi macho, akacheka mpaka kifua kikamuuma. "Mimi siye niliyekufa!"

Mwalimu akageuka kuitazama kamera. Kidole cha Jiap kilikuwa bado juu ya kitufe. Taa ilikuwa imezimika.

"Uliizima lini?"

Jiap alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya moto, na mashavu yake yamepata rangi. Kiganja chake kilikuwa kikavu. "Walianza kuniacha, Mwalimu. Nilihisi wananiacha mmoja mmoja. Angeinuka wangenirudia. Niliogopa."

Wapo wanaomlaumu Jiap mpaka leo. Mimi siwezi. Hao hawajawahi kulala wakioshwa na watu wasiowaona.

Waen alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, akaupindua, maji yakamwagika.

Mwalimu Rungnapha aliamua kamera izimwe baada ya kicheko. Aliyeizima ni Jiap, na aliizima kabla.