Sili Sita Alizozipanga Vaileth

"Shuka, Vai," Gerson aliniambia. "Limekufa."

Ilikuwa Jumatatu mchana kweupe, kwenye mwinuko wa kuelekea Oldonyo Sambu, na gari letu jekundu lilikuwa limegoma pembeni ya barabara. Gerson alifungua boneti, akapiga stata, akatega sikio. Stata ilizunguka kirahisi mno, kama vile ndani hakuna kitu. Akafunga boneti taratibu, akanitazama.

"Sili zimekwisha. Na sili ulizipanga wewe."

Mimi ni mtu wa kujibu, muulize yeyote pale Daraja Mbili ninaposhonea nguo, lakini siku ile niligeuka nikatazama barabara.

Ngoja niwaeleze, maana wengi wetu tunajua injini za pistoni tu. Hii ya Gerson ni ya rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina mapande mawili ya chuma yenye pembe tatu, yanazunguka ndani ya chemba zake, na kila pembe ina sili nyembamba inayozuia moto usivuje. Sili sita, basi. Zikiisha hizo, umebaki na chuma tu.

Aliijenga nyumbani kwao Akheri kwa miaka miwili, kwenye banda ambalo marehemu baba yake alihifadhia kahawa. Alichonga matundu ya hewa yakawa makubwa, akabadilisha hiki, akatoa kile, majirani wakamwona amerogwa. Mimi alinijua alipokuja kushonesha makava ya viti. Aliniona ninavyotunga uzi kwenye sindano, akaniomba nimsaidie kazi moja, kwa kuwa spring za zile sili ni ndogo na vidole vyake ni vinene. Nikaenda. Nilizipanga zote sita, yeye kashika tochi bila kupumua. Nilipomaliza ya sita akaniambia ananipenda, na mimi nikamwambia anawe mikono kwanza.

Sasa ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki ya tatu.

Jioni ya Jumatatu hiyo, rafiki yake Bariki, fundi mwenzake, alinitumia skrinishoti ya grupu lao la mafundi. Nadhani alinionea huruma. Gerson alikuwa ameandika: "Injini imelala wakuu. Sili alipanga mchumba. Mikono ya cherehani si mikono ya injini, nimejifunza." Chini yake vicheko vimejipanga.

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikamwandikia: "Jumapili nisisikie jina langu likitangazwa na lako. Naenda kwa mchungaji kusimamisha."

Simu ikaita hapohapo. Akasema ni utani tu, mafundi ndivyo wanavyoongea. Nikamwambia utani una wenyewe, na mimi si mmoja wao.

"Fungua injini mbele yangu," nikamwambia. "Kama kosa ni langu, nitawaomba radhi hao mafundi wako wote. Kama si langu, utajua mwenyewe cha kufanya."

Gari lilivutwa hadi Akheri, na Alhamisi tulikuwa bandani. Kuifungua kulichukua asubuhi nzima, na hatukuongea zaidi ya nipe spana, shika hapa. Alitoa sili moja moja, akazipima, akazipanga kwenye kitambaa. Kwa siku tatu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nilikosea. Mtu unayempenda akikwambia umeharibu, unaharibika kweli.

Gerson alikaa juu ya tairi.

"Zimelika zote sawasawa," akasema. "Na spring zote ziko mahali pake. Ungekosea moja, ingekufa hiyo moja. Hizi zilikosa oili."

Hapo ndipo aliponieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Injini hii ilikuja na pampu ndogo ya kulainisha sili. Yeye aliitoa, hakuiamini, na badala yake huchanganya oili kidogo ndani ya petroli kila anapojaza tangi. Ijumaa alichanganya kwa mkono wake. Akanyonya petroli kidogo kwa mpira kutoka kwenye tangi, akaisugua vidoleni, akainusa.

"Hii siyo niliyoiweka."

Tukatazamana. Jumamosi na Jumapili gari lilikuwa kwa baba yangu, hapohapo Akheri. Baba yangu, Mzee Eliasi, ameendesha malori miaka thelathini, na aliliomba libaki kwake alioshe na kuliangalia kwa nafasi yake. Nikampigia, nikaweka spika.

"Shikamoo baba. Gari la Gerson lilipokuwa hapo, uligusa tangi?"

"Marahaba. Sikutaka kusema, mwanangu. Mkwe wangu aliuziwa petroli iliyochakachuliwa, inanuka oili tupu. Niliimwaga yote, nikamwekea safi. Usimwambie, ataona aibu."

Nikamshukuru, nikakata. Gerson alikuwa ameshika kichwa.

"Kwa nini hukumwambia kwamba unachanganya?" nikamuuliza.

"Ningeanzaje? Mzee wa malori miaka thelathini, mimi nimsimamishe nimfundishe habari ya petroli? Ni baba mkwe, Vai."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi. Kwetu mkwe haelekezwi na mtu, na yeye naye hamwelekezi mkubwa wake. Baba alimwona kijana katapeliwa, akanyamaza asimwaibishe. Kijana alimwona mzee anajua akanyamaza asimkosee. Wote wawili wana adabu zao kamili, na injini imekufa katikati yao.

Gerson akachukua simu, akaandika kwenye grupu, akanionyesha kabla hajatuma: "Wakuu, nafuta kauli. Sili zote sita zilipangwa sawa kuliko ningepanga mimi. Kosa ni langu, nilimwachia mtu gari bila kumweleza. Nimemkosea Vaileth." Akatuma. Safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akaniomba jambo la baba liishie hapo bandani, mzee asijue kamwe.

"Ulinyamaza kwa heshima, lawama nikabeba mimi," nikamwambia. "Sasa unataka kunyamaza tena kwa heshima. Hiyo heshima yenu mbona inanilemea mimi peke yangu?"

Akaanza kukunja kile kitambaa chenye sili.

"Kamwambie baba. Kabla ya Jumapili."

Jumamosi alikuja nyumbani kwetu. Baba alimkaribisha chai, wakaongea mvua, wakaongea ndizi, wakaongea barabara ya Usa River mpaka nikaanza kuchoka kusimama mlangoni. Mwishowe Gerson aliweka kikombe chini.

"Baba, nina kosa. Injini yangu inataka oili ndani ya petroli. Nilikuachia gari bila kukuambia."

Baba naye akaweka kikombe chake chini.

"Kwa hiyo niliiua mimi."

"Niliiua mimi kwa kunyamaza, baba. Halafu nikamlaumu Vaileth. Mbele za watu."

Nilidhani atamfukuza. Lakini baba aligeuka kwangu.

"Wiki nzima nakuona huli, nikadhani ni woga wa harusi," akasema. "Kumbe umebeba kosa langu. Nisamehe, mama."

Sijawahi kumsikia baba yangu akimwomba mtu msamaha, hata mama yangu. Nililia palepale, na sikuona haya.

Nilimsindikiza Gerson hadi getini. Akaniuliza, "Na mimi je?"

"Baba hakujua," nikamjibu. "Wewe mikono yangu uliijua."

Akainamisha kichwa. Hakujitetea, na kama angejitetea hata kwa neno moja, nadhani leo ningekuwa nasimulia mengine.

Jumapili nilikaa benchi la pili. Kwa mchungaji nilikuwa sijaenda bado, na ofisi yake ilikuwa hatua chache tu. Aliposoma majina yetu mara ya tatu na kuuliza mwenye pingamizi, Gerson alikuwa anatazama sakafu upande ule wa wanaume. Nikabaki nimekaa.

Baada ya ibada tulisimama nje kwenye mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na kuku, kama kila Jumapili. Baba akanyoosha mkono. Mwendesha mnada akafikiri anataka mkungu. Baba akaomba maikrofoni.

"Walioambiwa kwamba mikono ya binti yangu iliharibu injini," akasema, "injini niliiharibu mimi, Eliasi. Binti yangu hakukosea hata sili moja."

Watu wakacheka, wakampigia makofi, akanunua na kuku juu. Gerson akaja kusimama kando yangu, hakunigusa.

"Sili mpya zikija nitazipanga mimi," nikamwambia. "Wewe utakaa na baba umweleze injini nzima, kipande kwa kipande, mpaka yeye aseme basi."

"Sawa," akasema, na nikaona ameogopa kuliko siku alipoleta posa.