Dereva Aliyepita Kimya

"Panda gari jekundu. Lolote lingine ni jeneza."

Mkuu wake akakata simu. Saengdao, mpelelezi wa idara ya siri mjini Chiang Mai, Thailand, akautazama mtaa. Tuktuk, bajaji ya huko, iko wazi pande zote. Pikipiki zingemtenganisha na Mzee Prasong aliyesimama ubavuni mwake. Teksi ya kuitwa kwa simu inaacha alama.

Gari jekundu lilikuwa linangoja, pikapu iliyofunikwa, yenye mabenchi mawili nyuma, kama yale yanayopandisha watalii hekaluni mlimani kila siku. Nani angelitilia shaka?

Mzee Prasong ndiye shahidi pekee aliyewaona wakubwa wa dawa za kulevya kwa macho yake. Kesho alitakiwa mahakamani. Leo ilibidi afichwe mlimani, akiwa hai.

"Binti, naogopa."

"Ogopa tu, Mjomba, ila usichungulie nje."

Gari likapanda. Msitu ukawafunika, mchana ukawa giza.

Kwenye kona ya pili kuna kibanda cha mzimu mwenye mlima, kimejaa maua ya manjano. Hakuna dereva wa mji huu anayepita pale bila kupiga honi na kuinua mkono. Hata mlevi husalimu, jamani!

Huyu alipita kimya.

Saengdao akamnong'oneza mkuu wake kwenye redio.

"Dereva si wetu."

"Una hakika?"

"Hakupiga honi."

"Basi dereva wetu wameshammaliza."

Mbele, njia ya vumbi iliingia msituni. Pikapu nyeusi ilisubiri, milango wazi. Dereva akapunguza mwendo ili akate kona.

Saengdao akainama nje na bastola yake ya Glock.

Paa! Tairi la nyuma. Paa! La pili. Gari likayumba, likaegemea ukingo wa mlima.

Dereva akaruka nje na bastola, akakutana na mdomo wa Glock puani.

"Tupa chini, kaka. Mimi sina haraka, kidole changu ndicho kinayo."

Bastola ikaanguka. Pikapu nyeusi ikageuza, ikatimua vumbi. Waoga wakubwa!

"Nani kanichongea?" dereva aliuliza, pingu zikimbana kwenye bomba la gari.

"Wewe mwenyewe. Unapitaje kwa mwenye mlima bila hodi?"

Simu ikalia mfukoni mwa dereva. Saengdao akaichomoa, akaiweka kwenye spika.

"Mzee keshakufa?" sauti iliuliza.

Mzee Prasong akainyakua.

"Bado. Njoo kesho mahakamani unione."

Saengdao akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akamshika mzee mkono, wakaendelea kupanda kwa miguu.