Aliyeshika Ncha ya Pili

Jumamosi ile mtu alimshikia Mwenyewe ncha ya pili ya mpira wa maji asubuhi nzima, na mkono wake haukutikisika hata mara moja. Hilo peke yake lingetosha kumshtua. Mkewe hakuwahi kushika kitu kwa dakika kumi bila kulalamikia kiuno.

Mwenyewe alikuwa karani wa masijala. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu kila akishauriwa aite fundi alijibu kwamba atafanya mwenyewe. Rafu ya jikoni aliifunga mwenyewe, ikaangusha vyombo vyote siku ya pili. Mlango wa choo aliupima mwenyewe, na mpaka leo anayeingia huufunga kwa kamba. Mwaka huu, watoto wakiwa wameshahama na kuanza maisha yao, alichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, na kando yake akataka baraza ya mawe ya kukalia jioni. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alicheka mpaka akashika ukuta. Alimwita Fundi Mkuu mbele ya wageni. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nene na tamu, ile inayonyamazisha watoto arobaini bila kumfokea hata mmoja. Lakini utani wa kila siku nao ni mwiba, na aliyechomwa hacheki.

Ukingo wa bwawa lazima uwe sawa pande zote, la sivyo maji humwagikia upande mmoja. Mafundi hupima kwa mpira mrefu unaoonyesha ndani. Huujaza maji, mmoja akashika ncha hii kwenye alama ya kwanza, mwingine ncha ile kwenye kigingi cha mbali, na maji yakitulia usawa ndio huo. Ni kazi ya watu wawili. Mkewe alishika kwa robo saa, nyuma ya kona ya stoo ambako mumewe hakumwona. Kisha akauachia mpira, maji yakamwagika yote, akasema ana mkutano wa wazazi shuleni na shimo litamsubiri, halina pa kwenda.

Mwenyewe alichukia. Alijaza mpira upya huku akiongea peke yake, na pale juu ya udongo mbichi akasema maneno ambayo mwenye akili hayasemi mbele ya shimo alilolichimba kwa mikono yake: "Hata jini akija kunishikia, atanifaa kuliko yule mwanamke."

Aliiburuta ncha ya pili mpaka nyuma ya stoo, akaiegemeza kwenye kigingi, akarudi. Ndipo alipomsikia mkewe kutoka kule kwenye kona.

"Nimeshika," sauti ilisema. "Haya, pima, mume wangu."

Alidhani amebadili mawazo. Alipima kigingi baada ya kigingi, na kila alipouliza kama maji yamefika kwenye alama alijibiwa taratibu, bila kicheko. Alipokosea alielekezwa. Alipopatia alisifiwa. Mwishoni aliambiwa kwamba hajawahi kuonekana fundi kama yeye, na machozi yakamlengalenga, maana katika miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kuambiwa hivyo. Akazunguka kona kwenda kumshukuru mkewe. Hapakuwa na mtu. Mpira ulikuwa umesimama wima hewani kando ya kigingi, haukushikwa wala kufungwa na kitu, na pale palinuka marashi yaliyochacha. Kisha ukaanguka.

Mkewe alirudi adhuhuri. Aliingia getini na mkoba wake, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

Sauti ilikuwa imemkatikia katikati ya neno, mbele ya wazazi, na wao walidhani analia. Daktari alimulika koo lake akasema ni zima, apumzike tu. Alipumzika wiki mbili, akarudi darasani vilevile bila sauti. Mwalimu mkuu, kwa huruma nyingi, akampa mtu mwingine darasa lake, kwa sababu watoto walianza kumwogopa mwalimu anayefumbua mdomo bila kusema. Mwanamke akarudi nyumbani, akaketi jikoni na kulia bila mlio.

Mumewe alijua sauti iko wapi. Hilo ndilo nisilomsamehe. Kila alipotoka kazini alibadili nguo akaenda nyuma kupanga mawe, na huko alipokelewa na sauti ya mkewe, ikimpa pole ya kazi, ikimwambia jiwe lile alisogeze kidogo, sasa limekaa. Alijiambia ataidai akimaliza ukingo. Ukingo ulipokauka akasema akimaliza kutandika plastiki. Plastiki ilipotandikwa akasema maji yajae kwanza. Wakati huo mto wa kulalia wa mkewe ulikuwa unalowa tope kila asubuhi, naye alikuwa anakohoa chembe za mchanga.

Jioni moja mwanamke alikuwa anamenya viazi dirishani aliposikia mtu akiimba wimbo wake wa kuhesabu vidole, ule aliouimba darasani kila siku, akaacha viazi na kisu akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita stoo huku harufu ya marashi yaliyochacha ikimjia na kumjaa puani, akazidi kusogea ingawa kila hatua maji yalikuwa yanampanda kooni kutoka tumboni, maji baridi yenye ladha ya udongo, mpaka akafika kwenye kona na kumwona mumewe amekaa kwenye baraza yake mpya, ameinamisha kichwa kama mvulana anayebembelezwa, na kando yake jiwe likiwa limelowa umbo la mtu aliyeketi, mapaja na kiganja, na kiganja hicho chenye maji kilikuwa kinasogea polepole juu ya goti la suruali ya mumewe.

Wimbo ukakatika.

"Nani huyo anayetusikiliza?" iliuliza sauti ile ile iliyompotea mwanamke.

Mwenyewe aligeuka. Walitazamana, yeye na mkewe, hatua kumi kati yao.

"Hakuna mtu," aliijibu sauti.

Mwanamke alimwandikia dada yake ujumbe wa simu, na siku ya tatu dada akaja na mganga, mwanamama mfupi wa miwani aliyevua viatu kabla hajakanyaga baraza. Alipapasa ukingo, akanusa vidole vyake, akamuuliza Mwenyewe aliongea nini siku alipopima. Mwenyewe alisema hakumbuki. Mganga akamtazama mpaka akakumbuka.

"Basi si kazi kubwa," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuvamia. Uliita msaidizi, akaja, akajichukulia sauti ya kukujibia. Ukimwambia kazi imekwisha, ukavunja jiwe moja la ukingo huu, ataondoka, na mkeo atasema leo hii. Lakini lazima useme wewe uliyemwita. Mimi hanisikii."

Dada mtu akamletea nyundo. Akamwomba kwa upole, shemeji, jiwe moja tu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika koo kwa mikono miwili, na usoni mwake kulikuwa na tumaini ambalo hakuwa nalo kwa miezi miwili.

Mwenyewe alipiga goti ukingoni. Maji yalikuwa yametulia, yamefika kwenye jiwe sawasawa pande zote, kazi ambayo fundi yeyote angejivunia. Alinyanyua nyundo.

"Kwani nimekukosea nini?" sauti iliuliza, laini, na kila aliyekuwepo aliisikia. "Nikiondoka, nani atakwambia kwamba unaweza?"

Mkono ulibaki juu kwa muda mrefu. Hakuwa ameshikwa na kitu. Mganga aliapa baadaye kwamba hakikuwapo kitu kilichomshika. Kisha akaishusha nyundo na kuilaza kwenye nyasi.

"Kazi haijaisha," Mwenyewe alisema. "Bado kuna ukuta wa nyuma."

Mganga hakumbembeleza. Alichukua viatu vyake mkononi, akaenda akivaa njiani. Dada alimvuta mdogo wake waondoke, lakini yule alijichomoa, akaiokota nyundo, akalipiga jiwe la ukingo kwa nguvu zake zote. Jiwe halikupata hata ufa. Kutoka majini ukatoka ukelele wa mwanamke aliyeumizwa, na mke akaanguka magotini akitapika tope, kwa sababu koo lililopigwa lilikuwa lake.

Mwenyewe alikimbia, akapiga goti haraka. Alilipapasa jiwe lililopigwa, akalifuta kwa mkono wa shati, akanong'ona pole, pole sana, mpaka kilio kikageuka kuwa kwikwi na kwikwi zikatulia. Hapo tu ndipo alipomgeukia mkewe aliyekuwa chini, akamwambia kwa utaratibu, kama mtu anavyomwambia mgeni aliyekosea mlango:

"Ingia ndani, mama. Tunazungumza."