Mgeni wa Banda Jipya

Gari lilikuwa bado halijafika, lakini banda lake lilikuwa limeshaanza kunuka ngozi mpya.

Mke wa daktari wa meno ndiye aliyeisikia harufu hiyo kwanza. Alikuwa anapita na beseni la nguo za kuanika, akasimama. Ndani ya banda hamkuwa na kitu ila vigae vinavyong'aa na taa mbili za ukutani. Akadhani ni rangi, akaenda zake. Mtu mwenye nguo mbichi mikononi hana muda wa kuchunguza harufu.

Mumewe alikuwa ameagiza gari la mbio, la milango miwili, lililoinama kama linalotaka kuruka, rangi ya damu ya mzee. Gari la namna hiyo halikai dukani likimsubiri mteja. Mteja ndiye hulisubiri, hadi liundwe, lipakiwe melini, livuke bahari. Daktari alikuwa ametumia ujana wake wote akichungulia vinywa vya watu, na alipenda kusema gari lake alilichimba humo humo, jino kwa jino. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amelewa kitu ambacho hajakionja.

"Wewe umenunua gari au umeposa?" mkewe alimtania.

"Mke mwenza huyu hana shida. Hali wala havai."

"Hali, ila anakunywa."

Na kweli alikuwa kama mtu aliyeposa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kliniki aliuinua mlango wa banda, akaliinamia banda lile tupu na kusema, "Karibu, bibie. Karibu sana. Hapa ni kwako." Binti yao, ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa kuwa alikuwa anaongea hata mswaki ukiwa mdomoni, alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka.

"Baba Chiriku, unamkaribisha nani ambaye hajapiga hodi?"

"Gari langu, mama."

"Gari lina masikio?"

Daktari alikuwa anafuta kigae kwa leso yake ya mfukoni.

Baada ya harufu ikaja sauti. Mchana, nyumba ikiwa imetulia, mlango wa gari ulisikika ukifungwa, mzito na laini, sauti ya mlango wa bei kubwa. Mke akatoka akidhani mumewe amewahi kurudi. Barabara tupu, banda tupu. Ila kwenye vigae alivyopiga deki asubuhi palikuwa na alama za magurudumu, za matope, na mvua haikuwa imenyesha. Zilikuwa zimeingia. Hazikuwa zimetoka.

Daktari alipoonyeshwa alichuchumaa, akazipima kwa kiganja. "Upana wake ndio huu huu," akasema, na mkewe akaona, kwa hasira zaidi kuliko hofu, kwamba mtu huyu amefurahi.

Kisha Chiriku akaanza kupunguza maneno. Kwanza yalikatika mezani, halafu kitandani, mwisho akawa anajibu kwa kichwa. Viatu vyake vilikuwa safi, lakini nywele zake zilijaa vumbi la njia ndefu, na nguo zake zilinuka ngozi.

Jioni moja mama alimwita aje kula, hakuitika; akamtafuta chumbani, uani, kwa jirani, akarudi akiizunguka nyumba, na alipoufikia mlango wa banda, uliokuwa umeinuliwa nusu, akainama na kumwona mwanawe amekaa, amekaa kabisa, mgongo umeegemea na miguu imenyooka mbele, lakini hapakuwa na kiti, wala kigoda, wala chochote kati yake na sakafu, na nywele zake zilikuwa zinapeperuka kurudi nyuma ilhali hewa ya humo ilikuwa imekufa, na macho yake yalifuata barabara ambayo mama hakuiona, na kila barabara ile ilipopinda mwili mdogo ule ulilalia upande, na ukutani, kando ya kivuli chake, kivuli kingine kirefu kikalalia upande huo huo.

Mama alimkamata kiunoni akamvuta, na kitu kikamvuta kutoka upande wa pili, kwa upole, kama mtu anayesema ngoja kidogo. Halafu kikaachia.

Jikoni akampangusa uso kwa kitambaa. "Ulikuwa na nani mle?" akanong'ona.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si baba?"

"Baba amempa," Chiriku akasema. "Anamwambia kila siku."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Siku zikapita, na ukimya wa mtoto yule uliijaza nyumba kuliko kelele zake zote za zamani. Mama akaenda kumleta mganga.

Alikuwa mwanamke mchangamfu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, mkoba kwapani, hana hirizi wala tunguri. Alisimama mlangoni mwa banda, akanusa, akamgeukia daktari.

"Ulimwambia neno gani?"

"Nilikuwa nalitania gari tu."

"Sijakuuliza ulimtania nani. Neno."

"Nilisema karibu." Daktari alishusha sauti. "Nikasema hapa ni kwako."

Mganga akaguna. "Angekuwa mwizi ningemtoa sasa hivi. Huyu ni mgeni, na mwenyeji kamkaribisha kwa kinywa chake. Hafukuziki. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe kazi, tena ya hapa hapa. Mwambie abomoe hili banda. Na gari umpigie muuzaji, useme hulitaki tena. Akimaliza kubomoa hana pa kukaa wala cha kusubiri."

"Gari liko njiani," daktari akasema.

"Na mtoto yuko wapi?" mkewe akamuuliza, taratibu.

Daktari alimpenda binti yake, hilo lisitiliwe shaka. Lakini mtu mwerevu ana ugonjwa wake: hujiona ataipata njia ya tatu pale wenzake walipoona mbili. Bahari ni kubwa, aliwaza. Kikienda huko kitapotea. Akasogea mlangoni, akasafisha koo.

"Mgeni wangu," akasema, "nenda ukaniletee gari langu."

Upepo wa moto uliwapita. Harufu ya ngozi ikakatika papo hapo.

Mganga alitikisa kichwa. "Nilisema abomoe."

"Si ameondoka?"

"Ameenda kikazi. Mtu aliyetumwa hurudi." Akaubana mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jioni ile Chiriku aliomba maji, halafu akauliza kwa nini maji hayana rangi, halafu akauliza kama samaki hujua wameloa, na mama yake akaegemea ukuta akalia kwa furaha. Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Alipomkumbusha mumewe kulibomoa banda, daktari alisema kesho, na kesho ile ikazaa kesho nyingine.

Lilikuja asubuhi yenye jua zuri. Honi ililia mara mbili. Daktari alitoka mbio peku, povu la kunyolea bado kidevuni, akaliona limesimama getini, damu ya mzee, linang'aa, na tuseme ukweli, moyo wake uliruka.

Kioo kikashuka. Chiriku alikuwa ndani, amefungwa mkanda, nywele nusu zimesukwa na nusu bado. Kando yake hapakuwa na mtu, lakini kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, na usukani ulicheza kidogo.

"Shuka, mwanangu," daktari akanong'ona.

"Baba, anasema kazi amemaliza. Sasa anaaga."

"Aende. Gari alichukue. Wewe shuka aende."

"Anasema mgeni akiaga husindikizwa." Aliongea kwa ile sauti yake ya chiriku, mchangamfu kabisa. "Usijali. Namfikisha hapo tu, halafu narudi."

Daktari alirukia kitasa, na mkono wake ukafumbata hewa yenye joto. Gari lilikuwa limeshapinda kona, bila mngurumo, bila vumbi. Mama alipita kando yake anakimbia, chanuo mkononi, akiliita jina.

Simu ikaita mfukoni. Daktari akaipokea bila kujua anafanya nini.

"Hongera, daktari," alikuwa muuzaji. "Gari lako limeshushwa bandarini asubuhi hii. Meli imewahi ajabu, mabaharia wenyewe hawaelewi imekimbizwa na nini. Lenyewe ni salama kabisa, viti bado viko kwenye plastiki. Utalifuata, au tukuletee?"

Mkewe alirudi kutoka kwenye kona, hana pumzi. Akamshika shati kwa mikono miwili.

"Amesema anamsindikiza mpaka wapi?"

"Hapo tu," daktari akasema, na ndani ya simu muuzaji akaendelea kuuliza kama nyumbani kuna mtu wa kulipokea.