Hodi ya Sakafuni

Kaka mtu alikuwa na mzaha wake wa kazini. Kila akishalaza ubao wa sakafu, aliugonga kwa vifundo vya vidole kusikiliza kama umekaa sawa, kisha akasema, "Hodi wenyewe." Mdogo wake, aliyekuwa akikaza vijiguu vya chuma vya kubebea mbao hizo, alishauchoka mzaha huo tangu enzi na enzi.

Jumba lilikuwa la kale, la kuta nene, na sasa linageuzwa ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Sakafu yake ya mawe ilikatazwa kuguswa hata na msumari. Ndiyo maana waliitwa kujenga nyingine juu yake, na kuacha nafasi ya shubiri moja ya kupitishia nyaya. Hapo katikati hata paka mnene hapiti.

Alasiri wakafika ubao wa mwisho. Kaka akagonga. "Hodi wenyewe."

"Karibu," ikajibu sauti kutoka chini, taratibu, kama ya mtu aliyekuwa akingoja.

Na kaka, mtu na adabu zake, akaitika, "Asante." Ulimi hauna mfupa. Papo hapo akaketi.

Hakuinuka tena. Mdogo wake alimvuta mkono, akamkamata kwapani, akamlilia; wapi. Kaka alitabasamu akiangalia chini na kutikisa kichwa kama mgeni anayeongezewa chai, miguu ikazidi kupoa, ubaridi ukapanda magotini, na kwenye maungio ya mbao ikatoka harufu ya udongo mbichi na ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, na huko chini, ndani ya ile shubiri moja, mtu alikuwa akitembea, wima, bila haraka, kama anayeandaa malazi.

Kaka ndiye aliyemlea. Hakuwa na baba mwingine. Mdogo mtu akampigia simu mganga wa mtaani kwao, bibi aliyezoea kuwapunga watu wenye majini.

"Hajakamatwa, mwanangu," mganga akanong'ona. "Amekaribishwa. Mgeni haondoki bila kuaga, na yeye hawezi tena. Muagie wewe, kabla jua halijazama. Akilala humo, si mgeni tena."

Mdogo mtu akapiga magoti. Dirishani mwanga ulishakuwa mwekundu.

"Mwenyeji," akasema, "tumekaa vya kutosha. Tunaomba ruhusa. Mkewe anamsubiri."

Hatua zikaja, zikasimama chini ya magoti yake.

"Mbona mapema? Haya, ngoja niwasindikize."

"Haya, asante," akajibu mbiombio, maana kaka alikuwa anainuka, analia, anauliza viatu vyake viko wapi.

Walikwenda wameshikana mikono mpaka nyumbani. Mdogo mtu akafunga mlango kwa komeo. Jikoni shemeji alikuwa akikaanga vitunguu, mafuta yakipiga kelele, hata hakusikia wameingia. Kaka akajitupa kitini, miguu imeanza kupata joto, na mdogo wake akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo aliponusa udongo mbichi. Neno lile likamrudia: niwasindikize.

Mlango ukagongwa kwa vifundo vya vidole. "Hodi wenyewe," ikasema sauti ya kaka kutoka nje, na kaka yuko pale kitini.

Mdogo mtu akakimbilia jikoni, mkono mbele, amzibe shemeji kinywa.

"Karibu, mume wangu," shemeji akaitika.