Kilio cha Kaske

Kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, ilikuwa na joto ndani, kama iliyotoka kuvuliwa kichwani sasa hivi, ingawa ilitundikwa ukutani tangu jana. Kavira akautoa mkono wake haraka.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeinunua. Mumewe Delphin alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki kutoka Bunia hadi Mongbwalu, na alishaanguka mara moja akapasuka paji la uso. Basi Kavira alikwenda sokoni akachagua kaske kama anayechagua sufuria: akaigonga asikie kama ina ufa, akauvuta mkanda wa kidevu, akachungulia kupitia kioo. Jambo moja tu hakuuliza, mwenyewe yuko wapi. Vita vilivyokuwa vikipiganwa vijijini vilikuwa vimemwaga sokoni mali za nyumba zilizoporwa, na kuuliza kulikuwa kujitafutia maneno.

"Inanuka mafuta ya nywele," Kavira alimwambia mumewe.

Delphin alishusha sauti. "Iko mutu ndani, Kavira. Tukifika njia panda ananiambia, 'Unipeleke kwetu Fataki.' Mikono yangu inapinda yenyewe. Juzi nilikaribia kuingia mutaroni na abiria."

Kavira aliogopa. Akamwita jirani yao Mama Félicité, mkimbizi wa Djugu aliyejua mambo ya wafu.

"Huyu alikufa njiani, hakuna mutu alimulilia," mama yule alinong'ona. "Tumuzike na kilio. Lakini, Kavira, umulie kama mupita njia. Usimuite kaka, usimuite bwana. Mufu anakuja pale wanamuita."

Walichimba nyuma ya nyumba, wakaiweka kaske shimoni. Kavira alijikamua, machozi yakagoma, akaona haya. Kisha akakumbuka jioni zote alizosimama mlangoni akisikiliza kama pikipiki inarudi, na bunduki zinalia huko ng'ambo, na chakula kinapoa, na yeye anajizoeza ujane kimoyomoyo bila kumwambia mtu, na kilio kikamtoka chenyewe kabla hajakizuia:

"Bwana yangu! Unaniachia nani?"

Mama Félicité alimziba mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka. Wakafukia shimo bila kutazamana.

Asubuhi Delphin aliondoka kichwa wazi, akicheka. "Leo niko mwepesi! Utanitafutia ingine, mupya kabisa."

Alasiri Kavira alikuwa jikoni akisonga bugali aliposikia mlango wa nyuma, hatua za mwanaume, kiti kikivutwa sebuleni.

"Umerudi mapema," aliita, moyo ukatulia. "Nikuletee maji?"

"Lete."

Sauti ilikuwa nzito, labda kwa vumbi. Kavira alikuwa anachota maji alipogongewa mlango wa mbele. Alikuwa Alphonse, mwenzake Delphin wa kazi, shati limelowa damu isiyo yake.

"Kaa kwanza, mama," alisema, akilia. "Delphin amegongwa na lori kwa njia ya Mongbwalu. Ni kichwa. Hatukuweza kumusaidia."

"Unasema nini? Delphin iko hapa!"

Kikombe kikamponyoka. Harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa imeshajaa nyumba nzima, na Alphonse, akitazama nyuma ya bega la Kavira, alianza kurudi kinyumenyume.

"Funga mulango, muke yangu," ile sauti ikasema taratibu kutoka kitini. "Umeniita, nimefika."